Na Bwana Harusi Je?

Mshenga aliyeleta posa ya dada yangu ndiye aliyekuja kuivunja. Kisa, karatasi ya maabara: dada amebeba kinasaba kimoja cha sikoseli. Haumwi, wala hajawahi kuumwa. Nikauliza, na bwana harusi kapimwa? Mshenga akatazama viatu vyake.

Mimi huo nauita ubaguzi, hata ukija na muhuri wa maabara. Mtoto huugua sikoseli akirithi kinasaba hicho kwa baba na kwa mama, na hata wote wawili wakiwa nacho, uwezekano ni asilimia 25 kwa kila mimba. Kikiwa kimoja, kinamkinga mtoto na malaria kali. Ndiyo maana kimeenea hivi kwenye nchi zetu za mbu. Pengine hata bibi wa hao waliotukataa alipona kwa hicho hicho.

Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba vya mgonjwa wa sikoseli, dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Vijiweni watu wakaguna: wazungu sasa wanataka kuchagua binadamu wa kuzaliwa. Wanaoguna ndio hao hao wanaorudisha posa.

Yule kijana hajapimwa mpaka leo. Nasikia anaoa Desemba.