Mbwa Ana Jina, Mchumaji Hana



Likizo imekaribia. Huenda nawe, kama wakazi kadhaa wa Kigali wenye nafasi, unapanga kuipeleka familia milimani mkalale siku mbili katika nyumba kongwe ya shamba: kuta za mawe, mahali pa kuotea moto, bustani ya maua, na volkano zikichungulia mawinguni. Nenda, sikuzuii. Ila nakusihi usiende kama mgeni katika nchi yako mwenyewe.

Mwaka jana mimi na familia yangu tulilala katika nyumba ya namna hiyo, ambayo sitaitaja. Mwongozaji alitueleza kwa ufasaha habari za mwenye shamba wa kwanza: samani zake zilikotoka, saa yake ya chai, hata jina la mbwa wake na mahali alipozikwa. Binti yangu wa miaka tisa akauliza: "Na maua ya shambani nani alikuwa akiyachuma?" Mwongozaji akatabasamu, akajibu: "Vibarua." Basi. Mbwa alikuwa na jina. Mchumaji hakuwa nalo.

Jambo hili nalipinga kwa nguvu zangu zote. Lugha yetu yenyewe inatoa ushahidi. Neno la Kiswahili "kazi" liliingia katika Kinyarwanda likawa "akazi". Leo tunalitamka kwa fahari, kijana akipata ajira. Lakini enzi ya Wabelgiji lilikuwa jina la kazi ya lazima: kuchimba barabara, kupanda miti, kulima kilichoamriwa, bila ujira, na kiboko kikiwa karibu. Wengi walivuka mpaka kwenda Uganda kutafuta kibarua chenye mshahara kuliko kuvumilia hayo. Sisemi kwamba kila shamba la mlowezi liliendeshwa kwa shuruti, yapo yaliyolipa. Nasema tu kwamba barabara za milimani hazikujichimba zenyewe.

Utanijibu: "Mwalimu, habari hizo zitawaharibia watoto likizo." La, hasha! Tazama Mugongo, si mbali na Gisenyi. Rosamond Carr, Mmarekani aliyefika Afrika mwaka 1949, alilima pareto hapo kwa miongo mingi. Desemba 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, alifungua shambani humo makao ya watoto yatima, Imbabazi. Hakuyafungua peke yake. Alikuwa pamoja na Sembagare Munyamboneza, msimamizi wa shamba aliyefanya kazi naye miaka mingi, na Carr mwenyewe alimtaja waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1999. Je, kumtaja Sembagare kumeipunguzia hadithi utamu? Kumeikamilisha. Mtoto wa Kigali anayesikia majina yote mawili anajua kwamba wema haukuja nchini mwake kwa meli. Ulikuwapo, ukashirikiana na mgeni.

Utasema tena: "Wenye nyumba hizo ni wafanyabiashara, si walimu." Kweli. Lakini wanachouza ni nini? Kitanda ungekipata mjini kwa bei nafuu. Wanakuuzia historia. Na anayeuza sokoni hupima kilo kamili. Akipunja, mnunuzi hudai.

Basi, msomaji, dai. Uliza maswali matatu mbele ya watoto wako. Kabla ya shamba hili, ardhi hii ilikuwa ya nani? Nani waliijenga nyumba na kulima shamba, nao walilipwa nini? Wajukuu wao wako wapi leo? Uliza kwa Kinyarwanda, au uliza kwa Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya nchi hii; huhitaji kuikodi lugha ya mbali ili uijue ardhi ya babu yako. Mwongozaji asipojua, usimgombeze. Mwombe akupeleke kwa mzee wa jirani, mkae, msikilize. Kisha urudipo uandike katika kitabu cha wageni, badala ya "mandhari nzuri", jina moja mlilolisikia.

Wazee waliochuma pareto hiyo wanapungua kila mwaka. Nyumba ya mawe itangoja likizo ijayo. Wao huenda wasingoje.