Sauti ya Linda Ronstadt
Linda Ronstadt alipotangaza mwaka 2013 kwamba hawezi tena kuimba, mashabiki wake wengi walirudia santuri zake, na nadhani walifanya vyema. Mwanamke huyu wa Tucson, Arizona, aliimba roki, kantri, hata nyimbo za mariachi alizozirithi kwa baba yake. Albamu yake ya Kihispania ya 1987 iliuzwa Marekani nakala zaidi ya milioni 2. Madaktari walisema kilichomnyima sauti ni Parkinson, baadaye wakabaini ni maradhi mengine ya ubongo yanayofanana nayo. Misuli midogo ya koo ilikuwa haipokei tena amri. Linaloniuma ni kwamba alianza kuhisi mapema: kwa miaka kadhaa alipanda jukwaani noti zikimponyoka, huku ukumbi mzima ukishangilia. Filamu ya 2019 inamwonyesha nyumbani, akijaribu wimbo wa Kihispania pamoja na mpwa wake na binamu yake. Sauti ni nyembamba, inayumba, lakini anaingia palepale panapotakiwa. Mashabiki wanaotaka kubaki na ile ya zamani siwalaumu hata kidogo. Mimi na hii pia naitaka.