Chuma Mnakilipa, Mkono Mnaupunja

Nikuulize. Mara ya mwisho ulipopeleka gari gereji, ulibishana bei ya nini? Si ya spea. Ya spea ulitoa simu, ukatuma M-Pesa, ukanyamaza. Ulibishana bei ya fundi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda. Nikarudi Kitale. Naandika makala, na siku zisizo na makala, ambazo ndizo nyingi, namshikia mjomba spana kwenye gereji yake hapa Kibomet. Kwa hiyo haya nayasema nikiwa nimelala chini ya gari.

Mwaka jana jamaa wa rika letu alituletea Volkswagen Beetle ya marehemu babu yake. Klachi ilikuwa inateleza: injini inalia, gari haliendi. Kwenye Beetle injini iko nyuma, na klachi imebanwa kati yake na giaboksi. Huwezi kuifikia bila kushusha injini. Klachi mpya jamaa aliinunua bila neno. Mjomba akataja ufundi: elfu nne. Hapo ndipo kelele zikaanza.

"Fundi, si ni nati nne tu? Nimeona YouTube."

Wakaelewana elfu mbili. Mjomba alikubali kwa sababu ilikuwa wiki ya kufungua shule, na jamaa alijua hivyo.

Ni kweli, injini imeshikwa na nati nne. Lakini kwanza unafungua betri, nyaya, kebo ya aksileta, na mpira wa petroli unauziba vizuri msije mkaungua wote. Unainua gari nyuma, unaweka jeki chini ya injini, unaivuta polepole. Ina karibu kilo mia moja. Na hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Kuirudisha ndiyo kazi. Klachi pleti isipokaa katikati kabisa, shafti ya giaboksi haiingii. Mjomba huipima kwa kijiti alichokichonga mwenyewe. Kisha gari linatiwa gia, mmoja anasukuma injini, mwingine anazungusha puli kidogo kidogo mpaka meno yashikane. Mwenye haraka huivuta kwa kukaza nati, akaharibu pleti mpya kabla gari halijawaka. Kujua wakati wa kusukuma na wakati wa kuacha, hakuna duka linalokuuzia.

Sasa sikia. Injini ikiwa chini, mjomba aliona oili inavuja nyuma ya flaiwili. Sili yenyewe ni bei ndogo. Lakini kuifikia lazima ufungue nati moja kubwa ya katikati, iliyokazwa hivi kwamba unachomeka bomba refu kwenye spana na mnaning'inia watu wawili. Akaomba elfu moja ya ziada. Jamaa akacheka. "Wacha tu, funga hivyo hivyo."

Tukafunga hivyo hivyo. Baada ya miezi miwili oili ilikuwa imelowesha pleti na klachi inateleza tena. Injini ikashuka mara ya pili, klachi ikanunuliwa mara ya pili. Na huko mtaani jamaa anasema mafundi wa Kibomet ni wezi.

Najua, wapo wezi. Wapo wanaokutolea kizima wakakurudishia kibovu. Lakini wizi mwingine mnaufundisha nyinyi wenyewe. Fundi akishajua kwamba jasho lake halilipwi lakini chuma kinalipwa, ataficha jasho ndani ya chuma. Spea ya elfu tatu itakuwa elfu tano, nawe utalipa ukitabasamu kwa sababu imeitwa spea. Kisha mnalalamika kwamba fundi mwaminifu hapatikani. Mwaminifu ni yule aliyewatajia ufundi wake waziwazi, mkaukata nusu.

Beetle ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Ukitafuta jina la dereva wa 1962 utalipata: Tommy Fjastad. Sasa tafuta jina la mtu aliyekaza nati za injini ile kabla haijaingia kwenye tope.

Mimi pia nimeambiwa, "Tuandikie tu, utajulikana." Aliyeniambia hivyo hakumwambia mwenye nyumba ya ofisi yake kwamba atajulikana. Kwa hiyo sisemi haya kwa kumhurumia mjomba. Nasema kwa sababu wengi wenu mnaosoma mnauza kazi ya mikono au ya kichwa, na kila mwezi kuna mtu anawakata nusu. Inawauma. Halafu Jumamosi mnaenda gereji kumkata mwingine.

Ukija Kibomet, uliza bei ya ufundi kwanza, kabla ya spea. Ukiona ni kubwa, uliza inahusu kazi gani, mjomba atakuonyesha moja baada ya nyingine. Bado ukiona ni nyingi, jeki ipo pale. Lala chini, uanze na hizo nati nne.