Sanamu ya Binzuru Isitiwe Kabatini

Asubuhi ya tarehe 5 Aprili 2023, katika mji wa Nagano nchini Japani, mtu mmoja aliingia hekalu la Zenko-ji akaichukua sanamu ya Binzuru, akenda nayo. Siku ile ile polisi wakamkamata, na sanamu ikarudi. Kila yatokeapo mambo kama haya husikika rai moja: vitu hivi vitiwe ndani ya makabati ya vioo, vipigwe kufuli. Sisi rai hiyo hatuiafiki.

Binzuru, kwa masimulizi ya Wabuddha, alikuwa mwanafunzi wa Buddha aliyejaaliwa uwezo wa ajabu, akautumia kwa kujionyesha mbele za watu. Mwalimu wake akamkemea, akamwamuru abaki duniani awahudumie viumbe. Ndiyo maana katika mahekalu ya Japani aghalabu humkuti kule ndani penye utukufu, bali karibu na mlango, mahali mkono wa mtu hufika. Mwenye kuumwa na goti hulipapasa goti la sanamu, kisha akalipapasa lake. Mwenye maradhi ya macho hupapasa macho. Sanamu ya Zenko-ji ni ya mbao, nayo ni ya mwaka wa 1713. Kwa karne tatu za kupapaswa, uso wake umelika hata pua na macho hayatambulikani vyema. Mtaalamu wa makumbusho atasema imeharibika. Twauliza: imeharibika, au imefanya kazi iliyochongewa?

Wala si kwamba Wabuddha hawajui kuhifadhi. Ndani ya Zenko-ji hiyo hiyo mna sanamu nyingine, ya Buddha Amida, ambayo ni siri. Hata watawa hawaioni. Umma huonyeshwa nakala yake tu, tena baada ya miaka kadhaa, kama ilivyokuwa 2022. Na kule Nara kuna Yakushi-ji, hekalu la Buddha wa tiba. Mfalme Tenmu aliweka nadhiri ya kulijenga mwaka wa 680, mkewe alipougua. Mke akapona; mume akatangulia kufa, na yule mke ndiye aliyeiendeleza kazi. Yakushi huyo wa shaba hapapaswi na mgonjwa. Tarehe 29 Desemba watawa husoma dua zao, kisha humpangusa kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya moto.

Sanamu za Yakushi aghalabu hushika kikopo cha dawa mkono wa kushoto, na wa kulia huinuliwa kuwaondolea watu hofu. Watibeti humpaka buluu ya jiwe litokalo Badakhshan, Afghanistan, wakamshikisha mmea wa tunda ambalo Waarabu huliita halilaj. Ibn Sina naye alilitaja katika kitabu chake cha tiba, kwa hivyo dawa hiyo si ngeni kama mshikaji wake.

Sisi tuliosomea chuoni kwa mwalimu twaijua hukumu ya dini yetu juu ya sanamu, na hatumwambii msomaji aende Nagano akapapase. Lakini hapa pwani tumeyaona yatokayo katika kutenga kitu na watu wake. Vigango vya Mijikenda, vilivyosimamishwa kwa ajili ya wazee waliofariki, desturi yake ni kuachwa papo hapo mpaka vioze. Vikaibwa, vikauzwa, vikafika Marekani, huko vikatunzwa kama yai. Jamaa walioachwa na mashimo matupu hawakushukuru kwa utunzaji huo. Viwili vilirudishwa mwaka wa 2007, na vingine baadaye, lakini vingi vingali huko.

Basi Zenko-ji wasimfungie Binzuru. Waongeze macho: mlinzi wa zamu, taa, kamera ikibidi. Wakitaka chuma, wakitie chini ya kitako, mahali mgonjwa hapahitaji, tena kiwe cha kufunguka. Kwani kila tarehe 6 Januari, usiku, sanamu hiyo hufungwa kamba ikavutwa kuzungushwa ndani ya hekalu, watu wakisongamana kuipapasa kwa miiko ya wali, kisha kila mmoja akenda na mwiko wake nyumbani.