Likizo Iliyobaki Kwenye Karatasi

KWENYE karatasi, shule za Tanzania Bara hazina kalenda ya kusoma mwaka mzima. Mwaka wa masomo una mihula miwili na siku 194 za kusoma. Huanza Januari, husimama kwa muda mfupi kabla ya katikati ya mwaka, hufunga Juni, husimama tena kidogo Septemba, na humalizika mwanzoni mwa Desemba. Mzazi akiisoma kalenda hiyo ataona kwamba mtoto wake ana nafasi ya kutosha ya kuwa mtoto, kuwa mjukuu na kuwa mwanafunzi wa madrasa.

Lakini mtu apite Chamazi, Toangoma na Tandika, au aelekee upande wa Bunju, Tegeta na Mabwepande, katika wiki ya tatu ya mwezi Juni. Atakutana na watoto waliovaa sare, wenye mabegi mgongoni, wakiminyana kwenye milango ya daladala saa kumi na mbili asubuhi kama vile shule hazijafungwa. Hao ni wa kambi. Darasa la nne wana mtihani wa taifa, darasa la saba wana wao, kidato cha pili na cha nne vilevile. Kwa hiyo familia yenye watoto wanne ni nadra kukosa mwenye mtihani katika mwaka. Kalenda ya kusoma mwaka mzima, ambayo haikupitishwa na Bunge wala haikujadiliwa na wazazi, imekwisha kuingia majumbani mwetu kupitia mlango wa nyuma.

Tuangalie mtoto aliyemaliza darasa la saba. Mtihani wake huisha mwezi Septemba na kidato cha kwanza huanza Januari. Miezi hiyo zamani ilikuwa na kazi yake inayojulikana. Wako waliokamilisha juzuu walizobakiza na kuhitimu. Wako waliopelekwa Rufiji, Kilwa, Kisarawe au Pangani kwa babu na bibi, wakajifunza kupanda muhogo na kuwajua shangazi na wajomba ambao hawakuwahi kuwaona. Wako wavulana waliokaa na fundi seremala, na mabinti waliokaa na somo. Leo miezi hiyo imeuzwa. Kila mtaa una kibao cha masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza, na mzazi asiyelipa huonekana hampendi mwanawe.

Hatusemi haya kwa kudharau elimu. Jamii yetu ya Kiislamu imelia kwa miaka mingi juu ya watoto wake kuachwa nyuma mashuleni, na hakuna mwenye akili atakayetaka kilio hicho kirudi. Tunachouliza ni hiki: je, mtoto huyu anayesoma bila kupumzika anapata elimu zaidi, au anapata tu shule zaidi?

Wenzetu wa Marekani wamelijaribu jambo hili waziwazi. Huko likizo ya kiangazi hufika miezi miwili na zaidi, na wako waliohofia kwamba watoto, hasa wa maskini, husahau waliyofundishwa. Ukaletwa utaratibu wa kusoma siku 45 na kupumzika siku 15, mwaka mzima. Mtafiti Paul von Hippel, mwaka 2007, alipowalinganisha watoto wa utaratibu huo na wa kalenda ya zamani, alikuta kwamba wale wa mwaka mzima walijifunza zaidi wakati wa kiangazi lakini wakajifunza kidogo kuliko wenzao katika miezi mingine, na mwisho wa mwaka wote wakawa sawa. Siku zilikuwa zilezile, zimetawanywa tu.

Kuna habari nyingine ya huko inayofanana zaidi na ya Mbagala. Jijini Los Angeles shule zilijaa kupita kiasi, na wakuu wakaona dawa ni kuwagawa wanafunzi makundi matatu, mawili yawe darasani na moja likizoni, ili jengo lisilale. Katika utaratibu uliojulikana kama Concept 6, mtoto alipata siku 163 za masomo badala ya 180 za kawaida, na waliobebeshwa mzigo huo walikuwa zaidi watoto wa maskini na wahamiaji. Ilifika mahakamani, katika kesi iliyoitwa Williams, na kwa mapatano ya mwaka 2004 ikaamriwa utaratibu huo ukomeshwe ifikapo mwaka 2012. Huko North Carolina nako, katika wilaya ya Wake, wazazi walikwenda mahakamani mwaka 2007 kupinga watoto wao kupangiwa shule za mwaka mzima bila ridhaa yao. Walishinda mwanzo, kisha Mahakama Kuu ya jimbo hilo mwaka 2009 ikaamua kwamba ridhaa ya mzazi si lazima. Moja ya malalamiko yao lilikuwa kwamba ndugu wa nyumba moja hupata likizo nyakati tofauti, na familia haikai pamoja.

Msomaji wa Temeke hahitaji kufafanuliwa lalamiko hilo. Sisi tuna zamu. Ada ya shule za msingi ilipofutwa chini ya mpango wa MMEM mwanzoni mwa miaka ya 2000, na tena elimu bila ada ilipotangazwa kuanzia Januari 2016, watoto walimiminika, na hilo ni jambo la kheri. Madarasa hayakumiminika kwa kasi hiyo. Hivyo mkubwa huenda zamu ya asubuhi na mdogo zamu ya mchana. Mmoja anapovua sare mwenzake anaivaa. Ustadhi aliyekuwa na darasa moja baada ya Alasiri sasa ana vipande vya madarasa, na mtoto wa zamu ya mchana anaporudi jua linazama. Kwa mtoto huyo, likizo ndiyo ilikuwa nafasi pekee ya kukaa chini na msahafu kwa utulivu. Tukimnyang'anya na hiyo, ataisoma dini yake lini?

Mwezi wa Ramadhani nao una hesabu yake. Hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uliangukia Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Kati ya 2014 na 2017 uligusa likizo ya katikati ya mwaka. Kuanzia 2023 hadi 2026 umeangukia kati ya Februari na Aprili, katikati ya muhula, na katika sehemu ya mwaka ambayo joto la Dar es Salaam halimhurumii aliyefunga. Mwaka 2020 peke yake mambo yalikuwa mengine. Shule zilifungwa tangu Machi 17 kwa sababu ya korona, na wanafunzi walio wengi hawakurudi mpaka Juni 29, kwa hiyo Ramadhani nzima ya mwaka ule ilipita watoto wakiwa nyumbani. Ulikuwa msiba kwa dunia, na masomo yaliathirika. Hata hivyo ziko nyumba ambazo kwa mara ya kwanza zilikaa jamvi moja kwa futari mwezi mzima bila mtu kukimbilia daftari.

Sasa tuwape haki yao wanaotaka shule zisifungwe, maana wana hoja, tena nzito. Mama anayetoka alfajiri kwenda kuuza vitafunwa Rangi Tatu, na baba aliye juu ya bodaboda hadi usiku, wamwache nani na mtoto wiki tano za Desemba? Nyumba ni chumba kimoja cha kupanga. Uwanja uliokuwepo umejengwa fremu za maduka. Kijijini nako nauli ya watu watano si ya mchezo, na bibi mwenyewe siku hizi huenda anaishi Kivule. Mzazi huyu akilipa mchango wa kambi, mara nyingi hanunui hesabu wala Kiingereza. Ananunua jicho la mtu mzima juu ya mtoto wake. Na kwa binti, tuseme kweli, likizo ya nyumbani mara nyingi ni ndoo, ufagio na kulea mdogo wake, wakati kaka yake yuko kwenye mpira. Anayemwambia binti huyo kwamba likizo ni mapumziko amwangalie kwanza mikono yake.

Lakini hoja hiyo inadai mahali salama pa mtoto, haidai masomo yasiyokoma. Na mahali hapo tunapo. Madrasa zetu, ambazo haziko mbali na mtoto yeyote wa Yombo au Mwananyamala, hulala asubuhi nzima shule zikifungwa, zikisubiri Alasiri. Zingefunguliwa tangu saa mbili hadi Adhuhuri kwa Juni na Desemba, mtoto akasoma Qur'an, akapewa uji, akacheza, akafundishwa na kushona au kutengeneza redio, mama wa Rangi Tatu angeuza kwa amani. Kikwazo ni posho ya ustadhi. Wako wazazi wanaotoa mchango wa rimu, wa mtihani wa utamirifu na wa chakula cha kambi bila kunung'unika, na ustadhi huyohuyo anayemfundisha mtoto kusoma Fat'ha wanamdai aishi kwa thawabu.

Kwa upande wa sheria, Kenya wametutangulia. Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo na kumwekea adhabu anayeyafanya. Kwamba katazo hilo limekuwa likikwepwa huko ni kweli pia, kwa sababu mtihani ukibaki vilevile na hofu ya mzazi hubaki vilevile. Hapa kwetu Serikali ilionyesha mwaka 2023, ilipozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwamba inatambua mtoto mdogo ni wa wazazi wake kwanza. Kambi za likizo kwa mtoto wa darasa la nne hazina tofauti kubwa na jambo hilo.

Kamati za shule huitisha mikutano ya wazazi mwanzoni mwa mwaka, na humo ndimo michango ya kambi hupitishwa, mara nyingi mbele ya viti vitupu. Tunawaomba akina baba wa Kiislamu wa Kinondoni, Ubungo na Temeke, ambao mikutano hiyo huwaachia wake zao, wahudhurie mwezi Januari. Waulize kambi ya Juni itachukua siku ngapi, nani ameiomba, na kama mtoto asiyekwenda ataadhibiwa. Na maimamu wakae na walimu wa madrasa kabla ya Juni kupanga ratiba ya asubuhi, uji na posho. Kwa mwandamo wa mwezi, Ramadhani itakuwa karibu yote ndani ya likizo ya Desemba mwaka 2031. Mtoto anayeanza darasa la kwanza mwaka 2026 atakuwa na miaka kumi na mbili hivi.