Mlango wa Kurejea Usifungwe kwa Mwanafunzi Aliyekosa

Ndugu msomaji, wapo wanafunzi wa vyuo vikuu wanaodhani kwamba kunakili programu ya kompyuta ya mwenzako si sawa na kuibia mtihani. Hudai kuwa kompyuta haina mwandiko, basi nani atajua? Dhana hiyo ni batili. Mwaka 1994 mtaalamu Alex Aiken wa Marekani alitengeneza chombo kiitwacho Moss, ambacho hulinganisha muundo wa programu, si majina yaliyomo ndani yake. Mwenye kubadili majina tu hajaficha kitu.

Lakini kumkamata mkosaji ni nusu ya kazi. Swali zito ni hili: afanyeje yule aliyekwisha kosa, dhamiri ikamsuta kabla hajagunduliwa?

Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, somo la utangulizi wa sayansi ya kompyuta linajulikana kwa jina la CS50. Kazi ya mwanafunzi hupimwa kwa usahihi wake, ubora wa mpango wake na unadhifu wa uandishi wake. Kanuni za uaminifu nazo zi wazi. Wanafunzi huruhusiwa kujadiliana tatizo kwa maneno na michoro. Aliyekwama anaweza kumwonesha mwenzake kazi yake ili asaidiwe, ila haruhusiwi kuitazama ya mwenzake. Aliyechukua mistari michache kwenye intaneti hana budi kutaja alikoitoa. Akili bandia kama ChatGPT imekatazwa. Badala yake, tangu mwaka 2023 somo lina msaidizi wake lenyewe, anayemwelekeza mwanafunzi bila kumfanyia kazi.

Mwaka 2014 mwalimu wa somo hilo, David Malan, na wenzake waliongeza kifungu cha majuto. Mwanafunzi aliyevunja kanuni, kisha akaja mwenyewe kukiri ndani ya saa 72, hapelekwi mbele ya baraza la chuo. Adhabu yake huishia ndani ya somo, nayo yaweza kuwa kupoteza alama zote za kazi ile. Mwenye kurudia kosa hana kinga hiyo.

Atasema msemaji: je, huku si kuwafungulia watu mlango wa kuiba? La hasha. Aliyekiri hakupata faida yoyote, kwani alama aliyoitamani ameikosa. Ni kweli kwamba udanganyifu haukwisha. Katika muhula wa mwisho wa mwaka 2016, zaidi ya wanafunzi 60 wa somo hilo walifikishwa mbele ya baraza. Hata hivyo, kila aliyejirudi ni kijana aliyeokolewa.

Sisi Waislamu jambo hili lisitushangaze. Wanazuoni wametufundisha masharti ya toba: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutolirudia, na kurudisha haki ya watu. Alama usiyoistahiki ni haki ya mtu. Huwanyima wenzako nafasi waliyoitolea jasho, na kesho humdhuru mgonjwa au mwenye akiba ambaye hesabu zake zitategemea programu iliyoandikwa na mtu asiyejua kuandika programu.

Kwa hiyo tunatoa rai. Vyuo vyetu viandike kanuni zinazotaja bayana linaloruhusiwa na lililokatazwa, kisha viweke muda maalumu wa kukiri. Wazazi nao wajihoji: kijana wetu akija kutuambia, "Baba, kazi ile sikuifanya mimi," je, tutamsikiliza, au tutamkaripia kwa kutuaibisha mbele ya jamaa na ada tuliyolipa? Tukimkaripia, tutakuwa tumemfundisha kuficha. Na wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Wabillahi tawfiq.