Fedha Ndogo Mikononi mwa Vijana

Wengi wenu mna ndugu huko Ubelgiji, na mmesikia habari za Matonge. Si ile ya Kinshasa, bali mtaa wa Ixelles, katika mji wa Brussels, uliopewa jina la ile yetu. Humo Wakongo huuza na kununua kando ya Wabelgiji, Wanyarwanda, na watu wa Afrika ya Magharibi. Basi kijana wa Kikongo aliyezaliwa huko akiona shida mtaani, kama wazee wanaokaa peke yao, au wageni wasioweza kusoma barua ya serikali, afanye nini? Zamani angewangoja wakubwa. Siku hizi anayo njia, nasi twapenda kuieleza, maana wazazi wengi huidharau kwa kutoijua.

Umoja wa Ulaya una mpango uitwao Kikosi cha Mshikamano cha Ulaya. Tangu mwaka 2018 mpango huo huwapa vijana wenyewe fedha za kazi za mtaani. Sharti wawe watano au zaidi, wenye umri wa miaka 18 hadi 30, wote wakikaa kihalali katika nchi moja. Kazi yao idumu miezi 2 mpaka 12. Hawalazimiki kuwa na chama kilichoandikishwa. Kikundi chenyewe chaweza kuomba. Mwanzoni kila kikundi kilihesabiwa euro 500 kwa mwezi, yaani kazi ya mwaka mzima ilipata euro 6000.

«Kidogo mno!» atasema mmoja. Sisi twaona huo ndio uzuri wake. Fedha hizo ni za kuendesha kazi, si mshahara. Mwenye tamaa hakuti kitu cha kula. Tena Mkongo na Mmoroko waweza kukaa nyumba moja ya ghorofa miaka kumi wakisalimiana tu kwenye ngazi. Wape ukumbi wa kulipia na hesabu ya kufunga: watagombana kwanza, kisha watajuana kuliko kwa hotuba mia juu ya urafiki wa mataifa. Mama zetu wa likelemba walilijua jambo hilo bila kufundishwa na Ulaya. Anayeshika fedha za wenzake hawezi kubaki mgeni kwao.

Lakini liko neno gumu. Fedha hizo huombwa kwa maandishi marefu, na kijana aliyeacha shule mapema huchoka upesi. Hivyo aliyesoma aweza kupata, na mwenye shida kubaki nje. Waliotunga mpango waliona hatari hiyo, wakaruhusu mshauri alipwe kwa siku zisizozidi 12 ili awasaidie. Kwa maoni yetu siku hizo hazitoshi. Na Ubelgiji ina ofisi tatu za kupokea maombi, ya Kifaransa, ya Kiholanzi na ya Kijerumani. Kumbe hata wenyeji wamegawanyika kwa lugha, si sisi tu!

Hatari nyingine hutoka kwetu wakubwa. Mjomba husikia habari ya fedha, mara ataka kuwa mwenyekiti. Vijana hunyamaza kwa heshima, na kazi huwa ya mjomba.

Basi mpwa wenu akiwapigia simu toka Ixelles kuwaambia kwamba wanaunda kikundi, msimwulize kwanza atalipwa ngapi. Mwulizeni wenzake wanne ni akina nani, na daftari la matumizi analishika nani.